Klammer hakuwa mtu wa liwalo na liwe

Kuna maneno huwa yanasemwa kuhusu Franz Klammer, mwanaskii wa Austria, ambayo nikiyasikia siwezi kunyamaza. Kwamba alikuwa mwendawazimu. Kwamba siku ile ya Olimpiki ya Innsbruck alijitupa tu mlimani, liwalo na liwe, na bahati ikamwangukia. Rafiki yangu mmoja ambaye ni mshabiki wa kutupwa wa mbio za magari aliniandikia hivyohivyo baada ya kumtumia ile video ya mwaka 1976. "Huyu jamaa hakuwa na breki," akasema, "bahati ya mtende tu hiyo." Nikamjibu kwa ujumbe mrefu ambao nadhani hakuumaliza. Basi acha niandike hapa, mahali ambapo hakuna wa kunikatisha.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufuatilia mchezo huu, mbio za mteremko ndizo ndefu na zenye kasi kuliko zote katika skii za milimani, yaani mchezo wa kushuka mlima wa theluji juu ya vibao virefu vilivyofungwa miguuni. Slalomu, ile ya kupindapinda kati ya vijiti vilivyokaribiana, wanashuka mara mbili, nyakati zinajumlishwa, kwa hiyo aliyevurunda asubuhi ana nafasi ya kujitetea mchana. Mteremko ni mara moja. Unatoka kwenye kibanda cha kuanzia, dakika mbili baadaye, pengine pungufu, uko chini, na kazi ya mwaka mzima imekwisha kuamuliwa. Mwendo wa kilomita zaidi ya 100 kwa saa ni wa kawaida, na sehemu zenye mwinuko mkali unafika 140. Njia yenyewe ni theluji iliyogandishwa makusudi ikawa ngumu kama barafu, kwa sababu theluji laini ingechimbika vibaya na wanaokuja nyuma wangevunjika miguu.

Jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui ni kazi inayofanyika kabla ya siku ya mbio. Katika mteremko lazima kuwe na mazoezi rasmi juu ya njia ileile. Wanariadha wanaikagua polepole wakiwa wamesimama juu ya skii zao, geti kwa geti (jozi za vijiti ambazo lazima upite katikati yake), wakitazama wapi ardhi inabetuka, wapi kivuli kinaficha matuta, kona ipi inamtupa mtu nje. Kisha wanashuka kwa kasi, wanapimwa muda, wanarudi kutazama picha. Ikifika siku yenyewe, bingwa anaweza kufumba macho na kuishuka njia nzima kichwani, akiinamisha mabega kila kona kwa wakati wake. Kwa hiyo ukiona mtu ametoka kwenye mstari ambao wenzake wote wameupita, ujue ametoka kwenye kitu anachokijua kwa moyo.

Klammer alizaliwa Desemba 1953 huko Mooswald, kijiji kidogo cha mkoa wa Carinthia, kusini mwa Austria, katika familia ya wakulima. Hakutoka Tyrol wala Salzburg, maeneo yaliyozoeleka kuizalishia Austria mabingwa wake. Alipoingia Kombe la Dunia, ambalo katika skii ni mfululizo wa mbio za msimu mzima zinazotoa pointi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mfalme wa mteremko alikuwa Mswisi Roland Collombin, aliyetwaa taji la mteremko mwaka 1973 na tena 1974. Ushindi wa kwanza wa Klammer ulikuja Desemba 1973 pale Schladming, nyumbani Austria, akiwa na miaka 20. Msimu ule alimaliza wa pili nyuma ya Collombin, na kila mtu alitegemea kwamba wawili hao watagombana kwa miaka mingi.

Hawakupata nafasi hiyo. Desemba 1974, Val d'Isère, Ufaransa, Collombin alirushwa na tuta akaanguka na kuumia mgongo. Akajiuguza, akarudi mwaka uliofuata, akaanguka tena mahali palepale, na safari hii uti wa mgongo ulimlazimisha kuacha mbio kabisa. Tuta lile likapewa jina lake. Nalitaja hili mapema kwa sababu Klammer alipita juu ya tuta hilohilo Desemba 1974 hiyohiyo, na yeye akashinda. Siwezi kusema Collombin alikuwa mzembe. Alikuwa fundi mkubwa, na mteremko unawapata hata mafundi. Lakini anayedhani kushuka mlima ule ni suala la kujitupa tu, aende akatazame tuta la Collombin.

Msimu wa 1974/75 ndio unaonifanya nikatae habari za bahati. Kulikuwa na mbio 9 za mteremko za Kombe la Dunia. Klammer alishinda 8. Ile moja aliyoikosa ilikuwa ya Megève, ambako skii moja ilimtoka mguuni. Bahati gani hiyo inayomtembelea mtu mara nane kwenye milima minane tofauti, kuanzia Alps mpaka Jackson Hole kule Marekani?

Ndani ya msimu huo kuna wiki moja ninayoipenda kupita kiasi. Januari 1975, kule Wengen nchini Uswisi, kwenye njia ya Lauberhorn ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, Klammer alimwacha wa pili, Mwitaliano Herbert Plank, kwa sekunde 3.54. Katika mchezo ambao watu wanatenganishwa na sehemu za mia za sekunde, sekunde tatu na nusu ni kama mmoja amekwisha vua buti wakati mwingine bado yuko njiani. Siku chache baadaye wakahamia Kitzbühel, na pale akashinda kwa sekunde 0.01. Aliyemkosa kwa unyoya huo alikuwa Gustav Thöni, tena Thöni hakuwa mtu wa mteremko, alikuwa mtaalamu wa slalomu. Kwa mwendo wanaomalizia pale chini, sehemu moja ya mia ya sekunde ni umbali usiofika nusu mita. Mtu huyohuyo, mwezi uleule: mara anashinda kwa maili, mara anashinda kwa ncha ya skii. Mcheza kamari hushinda kwa maili au huanguka. Kushinda kwa 0.01 kunataka mtu ambaye hajapoteza chochote popote njiani.

Msimu huo ulikuwa na uchungu wake pia. Mwishoni, hesabu ya taji la jumla, linalochanganya aina zote za mbio, ilikuta watu watatu wakiwa sawasawa kwa pointi: Klammer, Thöni, na kijana wa Kiswidi Ingemar Stenmark. Mbio ya kuamua ikawa slalomu ya sambamba huko Val Gardena, wawili wawili, getini kwa getini. Ukiwapa Thöni na Stenmark slalomu, halafu ukamwambia mtu wa mteremko ashindane nao, matokeo unayajua. Klammer alitolewa mapema na Thöni akachukua taji. Nikiisoma habari hii huwa naumia kwa niaba yake hadi leo. Mshindi wa mbio 8 kati ya 9 aliondoka bila lile kombe kubwa, kwa sababu ya mchezo ambao haukuwa wake.

Sasa tuje Innsbruck.

Lazima uelewe mzigo aliokuwa nao. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1976 ilikuwa ifanyike Denver, lakini wananchi wa Colorado walipiga kura kukataa gharama zake, na Innsbruck, iliyokwisha kuandaa 1964, ikaichukua. Waaustria wakapata Olimpiki nyumbani kwa mara ya pili ndani ya miaka 12. Dhahabu yao ya mwisho ya mteremko ilikuwa ileile ya 1964, ya Egon Zimmermann, juu ya mlima uleule wa Patscherkofel. Mwaka 1968 Wafaransa walishinda kupitia Jean-Claude Killy. Mwaka 1972, kule Sapporo, Karl Schranz, kipenzi cha Austria nzima, alifukuzwa na Kamati ya Olimpiki siku chache kabla ya mashindano kwa kuhesabiwa kuwa si mwanariadha wa ridhaa, na aliporudi Vienna umati mkubwa ulijaa barabarani kumpokea. Dhahabu ikaenda kwa Mswisi, Bernhard Russi. Kwa hiyo kijana wa miaka 22 hakuwa anakimbilia medali yake peke yake. Alikuwa anadaiwa deni la Schranz pia.

Na kila mtu alikuwa na uhakika atalilipa. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameshinda mbio ya Kombe la Dunia juu ya njia hiyohiyo. Nadhani uhakika wa watu ni mzito kubeba kuliko mashaka yao, maana ukishinda umefanya walichokitarajia, na ukishindwa umewaibia.

Kuna jambo moja la siku zile ambalo wanaomwita mwendawazimu hawalitaji kamwe. Kiwanda cha Fischer, kilichomtengenezea skii, kilikuwa na skii mpya yenye tundu kwenye ncha, na walitaka sana aitumie mbele ya macho ya dunia. Klammer akakataa. Akachagua zake za zamani, alizozizoea. Mtu anayependa kubahatisha angevaa kitu kipya siku kubwa kama ile. Yeye alitaka kujua hasa nini kitatokea akiegemea ukingo wa chuma juu ya barafu.

Siku ya mbio, tarehe 5 Februari 1976, alipewa namba 15, ya mwisho katika kundi la vinara. Hiyo maana yake wenzake 14 walikwisha kuichimba njia. Mapema, akiwa na namba 3, Russi alikuwa ameshuka kwa dakika 1 na sekunde 46.06. Ukipata nafasi itazame mbio ya Russi. Ni safi, haina ukunjo, mtu amechuchumaa chini kabisa, skii zimelala, mikono iko mbele. Bingwa mtetezi alifanya kila kitu kama kinavyofundishwa, na mmoja baada ya mwingine wakashindwa kuufikia muda wake.

Klammer anatoka kibandani akiwa na suti ya manjano na kofia ngumu nyekundu. Ukitazama mara ya kwanza unaona mikono tu. Inatupwa juu, inatupwa pembeni, fimbo zinapepea hewani kama mtu anayeitwa kwa mbali. Miguu imetawanyika. Kwenye miruko anapaa juu mno, na kila sekunde ya kuwa hewani ni hasara, kwa kuwa skii isiyogusa theluji haielekezwi. Kwenye kona moja anatupwa nje mpaka unahisi atapita katikati ya watazamaji waliosimama pembeni. Saa za kati zinaonyesha yuko nyuma ya Russi. Umati wa makumi ya maelfu, wengi wao Waaustria, unajua yuko nyuma, na ukelele wao unasikika hata kwenye ile rekodi kuukuu.

Mimi huwa naitazama bila sauti. Halafu nawashauri wengine wafanye ninachofanya: ziba nusu ya juu ya skrini kwa mkono, mikono yake isikuvuruge, utazame kuanzia kiunoni kwenda chini. Utaona kitu kingine kabisa. Mwili wa juu unapigana na upepo, lakini magoti yanafanya kazi yake kwa utulivu. Skii ikigusa chini baada ya mruko, inagusa ikiwa imekwisha kuelekea inakotakiwa. Ukingo unashika, unaachia, unashika. Pale ambapo mtu wa kawaida angeegemea nyuma kwa hofu, na kuegemea nyuma ndiko kunakoangusha watu, uzito wake unabaki mbele juu ya buti. Mikono ile inayopepea ndiyo bei anayolipa ili kiuno kibaki mahali pake.

Sehemu ya chini ndiyo inayonishangaza zaidi. Akiwa nyuma, hakuendelea kujaribu kuiga mstari wa wengine kwa nguvu zaidi. Aliubadilisha. Alikwenda pana, karibu kabisa na uzio, mahali ambapo theluji haikuwa imechimbwa na wale waliomtangulia, akaingia konani kutoka juu zaidi na kutoka na mwendo mkubwa zaidi. Uamuzi ule ulifanywa na mtu anayeshuka mita karibu 29 kwa kila sekunde. Usiniambie kwamba hakujua anachofanya. Ili uache mstari ulioukariri kwa siku kadhaa na kuchagua mwingine papo hapo, ni lazima uwe unaujua mlima kuliko mstari.

Saa ilisimama kwenye dakika 1, sekunde 45.73. Alimzidi Russi kwa sekunde 0.33. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 3 na kidogo, kwa hiyo mwendo wake wa wastani ulizidi kilomita 102 kwa saa, na ile theluthi ya sekunde ni kama mita 9 hivi za ardhi. Plank, yuleyule wa Wengen, alipata shaba. Russi akampongeza palepale chini.

Klammer mwenyewe alisema baadaye kwamba alidhani ataanguka, na rafiki yangu aliishika kauli hiyo kama ushahidi wake. Mimi naiona kinyume. Mwendawazimu hadhani ataanguka. Anayejua hasa ni wapi mpaka ulipo ndiye anayehisi kila mara anapoukanyaga. Hata wale vijana wa Kanada waliokuja juu miaka ileile, akina Ken Read na Steve Podborski, walibandikwa jina la Wakanada Wendawazimu, na bado Read na Podborski walishinda Kitzbühel miaka mitatu mfululizo kati yao, na Podborski akatwaa taji la mteremko la 1982. Ni jina tunalowapa watu wanaofanya jambo ambalo sisi tungelifanya tungekufa.

Lakini kama hadithi ingeishia Innsbruck, ningekubali kwamba mjadala hauwezi kuisha. Mbio moja ni mbio moja. Kilichonifunga kwa huyu mtu ni miaka iliyofuata.

Kwanza iliendelea kuwa miaka mizuri. Alishika taji la mteremko la Kombe la Dunia mara nne mfululizo, 1975 hadi 1978. Alishinda Wengen na Kitzbühel zote mbili mwaka 1975, zote mbili 1976, zote mbili 1977. Katikati ya neema hiyo, mwaka 1977, mdogo wake Klaus, kijana ambaye naye alikuwa anapanda katika mchezo huu, alianguka kwenye mbio ya mteremko na kupooza miguu. Sitajifanya najua kilichokuwa moyoni mwa Franz kila alipofunga buti zake baada ya siku hiyo. Ninachokijua ni kwamba aliendelea kufunga, na kwamba baadaye maishani alianzisha mfuko unaobeba jina lake wa kusaidia wanamichezo walioumia vibaya.

Kisha ukaja ukame. Baada ya msimu wa 1978 ushindi ulikauka. Akabadilisha kampuni ya skii, mambo hayakutengemaa. Mwaka mmoja ukapita, wa pili, wa tatu. Mtu aliyekuwa anashinda mbio 8 kati ya 9 akawa anaonekana katikati ya karatasi ya matokeo, na chini zaidi. Austria haijawahi kukosa vijana wa mteremko; nyuma yake walikuwa wamepanga foleni akina Harti Weirather, Peter Wirnsberger na Leonhard Stock. Olimpiki ya Lake Placid ya 1980 ilipofika, bingwa mtetezi hakuteuliwa kwenda. Hebu fikiria: dhahabu ya mteremko ni yako, jina lako ndilo wanalolitaja watoto wanaposhuka mlimani, na unaambiwa timu imejaa.

Tena waliomwacha walithibitishwa na matokeo, na hili ndilo linalouma zaidi. Stock alikwenda kama mchezaji wa akiba, akawazidi wenzake kwenye mazoezi, akapewa nafasi, akashinda dhahabu. Wirnsberger akachukua fedha. Austria ya kwanza na ya pili, bila Klammer. Hakukuwa na mtu wa kusema "mngemchukua Franz."

Angestaafu hapo, hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa na miaka 26, dhahabu, mataji manne. Na kama kweli alikuwa mtu aliyeishi kwa bahati na ujasiri tu, hapo ndipo palikuwa mwisho wake, kwa sababu bahati ikihama huna pa kuifuata, na ujasiri ukipungua haununuliki. Alichokuwa nacho yeye ni ufundi, na ufundi unaweza kutengenezwa upya. Akarudi kwenye kazi: skii zipi, nta ipi, mkao upi kwenye sehemu za tambarare ambako hakuna ushujaa wowote, kuna kuteleza tu kimya na kutopoteza mwendo. Desemba 1981 alishinda tena, Val d'Isère. Mahali ambapo Collombin aliachia mgongo wake. Yapata miaka minne ilikuwa imepita.

Msimu wa 1982/83 akachukua taji la mteremko kwa mara ya tano, miaka mitano baada ya lile la nne. Taji hili nalipenda kuliko yale manne ya kwanza. Hakulichukua kwa kuwapiga watu kwa sekunde tatu na nusu. Alilichukua kwa kukusanya pointi wiki baada ya wiki, leo wa pili, kesho wa nne, kazi ya mtu anayejua kuhesabu. Austria wakamchagua mwanamichezo wao bora wa mwaka 1983, kama walivyomchagua 1975 na 1976.

Na Januari 1984 akaenda tena Kitzbühel, akiwa na miaka 30.

Wanaofuata mchezo huu hawahitaji kuelezwa Streif ni nini. Kwa wengine: ni njia ya mlima wa Hahnenkamm yenye urefu wa kilomita 3.3, na wanariadha wengi watakuambia kwamba kushinda hapo ni sawa na dhahabu ya Olimpiki, au zaidi. Sekunde chache tu baada ya kutoka kibandani unafika Mausefalle, Mtego wa Panya, ambapo ardhi inakuacha, unapaa, na unatua kwenye mteremko mkali kuliko ngazi yoyote uliyowahi kupanda. Hujavuta pumzi unabanwa kwenye kona, kisha unamwagwa Steilhang, ukuta wa barafu unaoinama pembeni, na chini yake uzio unakusubiri. Ukitoka hapo vibaya, ile njia nyembamba ya tambarare inayofuata itakuadhibu kwa muda mrefu, maana huna tena mwinuko wa kukurudishia kasi. Mwishoni kabisa, miguu ikiwa imekwisha, kuna mruko wa Hausberg na njia ya kukata mlima kwa ubavu, imejaa matuta, huku mlima ukikuvuta chini na mstari ukikutaka ubaki juu. Hapo ndipo vijana wenye nguvu huanguka. Nguvu wanayo bado. Kinachowaangusha ni kuharakisha kona ile kwa nusu ya pumzi.

Klammer alishinda. Ilikuwa mara yake ya nne Kitzbühel, miaka saba baada ya ile ya tatu, na ushindi wake wa 25 wa mteremko katika Kombe la Dunia. Ukawa wa mwisho. Wiki chache baadaye, kwenye Olimpiki ya Sarajevo, alimaliza wa 10 huku Mmarekani Bill Johnson akishinda, na mwaka 1985 akaacha Kombe la Dunia. Baadaye aliendesha magari ya mashindano, na hilo angalau lingemfurahisha rafiki yangu.

Ushindi wake wa nne Kitzbühel ulipitwa mwaka 2012, Didier Cuche wa Uswisi alipofikisha mitano. Ile idadi ya 25 ya mteremko imewashinda wanaume wote waliomfuata. Wamepita wakubwa: Peter Müller, Hermann Maier, Cuche mwenyewe, Aksel Lund Svindal, Beat Feuz. Skii zimebadilika, nyavu za usalama zimewekwa, suti zinapimwa kupita kiasi, na mbio ni nyingi kwa msimu kuliko enzi zake. Hakuna aliyemfikia.

Kwa hiyo mkitafuta video zake, na natumaini mtatafuta, msianze na ile ya Innsbruck. Ile mtaiona tu, hamwezi kuikwepa, kila Olimpiki ikikaribia inarushwa tena. Anzeni na Kitzbühel ya 1984. Itazameni ile njia ya ubavu baada ya Hausberg, halafu ndipo muirudie ya 1976 mkiwa mmefunika nusu ya juu ya skrini. Magoti ni yaleyale.